Mvumo wa Maandishi ya Kitabibu: Urejelewaji, Istilahi na Mahindi ya Ukambani

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maandishi ya watafiti wa tiba yanavyohesabiwa na kupimwa katika ulimwengu wa wanataaluma, na kuonyesha kwa nini jambo hilo, ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la maabara na hospitali, latuhusu sisi tunaofundisha lugha. Mifano yetu mingi inatoka Ukambani, katika zilizokuwa wilaya za Kitui na Makueni, ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti. Eneo hilo limeandikwa sana. Tangu miaka ya 1950 watafiti wamekwenda huko kupima damu, usubi, panya na nafaka, na matokeo yao yamechapishwa katika majarida makubwa ya Ulaya na Marekani. Lakini mkulima wa Tulia, ambaye damu ya jirani yake au gunia la mahindi la shangazi yake ndilo lililozaa maandishi hayo, ni mtu mwenye lugha zake, Kikamba nyumbani na Kiswahili sokoni, na katika lugha hizo mbili maandishi hayo karibu hayapo. Jina la Tulia lenyewe msomaji wa Kiswahili hulisikia kama amri. Historia ya kitabibu ya wilaya hizo haikuwa na utulivu huo.

Kuna sababu ya pili, iliyo karibu zaidi na meza zetu. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na kuchapisha kukawekwa katika mizani ya alama. Tangu hapo mazungumzo ya wahadhiri katika vyumba vya chai yamejaa istilahi ambazo wengi wetu tunazitamka kwa Kiingereza bila kuziuliza maana. Yafaa kuzieleza kwanza.

1. Hesabu yenyewe

Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alichapisha katika jarida la Science pendekezo la faharasa ya namna mpya. Faharasa za kawaida humwongoza msomaji kwa mada au kwa jina la mwandishi. Faharasa ya Garfield ilimwongoza kwa mitajo: ukishika makala ya zamani, faharasa yakuambia ni akina nani waliokuja baadaye wakayataja. Wanasheria wa Marekani walikuwa na kitabu cha aina hiyo kwa hukumu za mahakama tangu karne ya 19, wapate kujua kama hukumu fulani ingali ina nguvu au imekwisha kutanguliwa, na Garfield hakuficha kwamba wazo lake alilikopa kwao. Faharasa yake ya sayansi ilianza kuuzwa mwaka 1964. Nia ya awali ilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta. Haikuchukua muda kabla ya watu kutambua kwamba chombo kinachotafuta chaweza pia kuhesabu, na kwamba anayehesabu makala aweza kumhesabu mtu.

Kutoka hapo vilizaliwa vipimo viwili vinavyotawala hadi leo. Cha kwanza hupima jarida. Huchukuliwa makala yote ambayo jarida lilichapisha katika miaka miwili iliyopita, kisha hutazamwa yametajwa mara ngapi katika mwaka huu. Jarida lililochapisha makala 40 katika miaka miwili, nayo yakatajwa mara 120 mwaka unaofuata, hupewa 3. Orodha za kipimo hicho zilianza kutolewa kila mwaka mnamo 1975. Cha pili hupima mtu, nacho kilipendekezwa na mwanafizikia J. E. Hirsch mwaka 2005. Makala ya mtafiti hupangwa kuanzia yaliyotajwa zaidi hadi yaliyotajwa kidogo, kisha huhesabiwa kwenda chini mpaka pale ambapo nafasi ya makala yapita idadi ya mitajo yake. Tuchukue mtafiti mwenye makala sita yaliyotajwa mara 30, 12, 7, 5, 4 na 1. Ya nne yametajwa mara 5, kwa hiyo yanapita. Ya tano yametajwa mara 4 tu, kwa hiyo yanakwama. Namba yake ni 4. Sasa tuchukue mwingine mwenye makala sita ambayo kila mojawapo yametajwa mara 4 barabara. Naye ana 4, ijapokuwa wa kwanza ametajwa mara 59 na huyu mara 24. Na yule aliyeandika makala moja tu, yakatajwa mara elfu tano, ana 1. Msomaji aamue mwenyewe ni nani kati ya watatu hao angemwomba aje kufundisha wanafunzi wake.

Lipo jambo moja ambalo wasiozoea sayansi hawalitarajii. Makala yaliyotajwa kuliko yote katika historia ya faharasa hizo, zaidi ya mara laki tatu, si ya Einstein wala ya waliogundua umbo la DNA mwaka 1953. Ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, na yanaeleza njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika. Kila aliyepima protini kwa njia hiyo alilazimika kuyataja. Kutajwa, basi, kwaweza kuwa sawa na jinsi fundi anavyotaja nyundo.

2. Kunukuu si kurejelea

Katika Kiswahili cha wanataaluma, maneno mawili hugombania dhana hii: kunukuu na kurejelea. Kwa maoni yangu kuyachanganya ni hasara. Kunukuu kumetokana na Kiarabu, katika shina lenye maana ya kuhamisha, na kwetu kumebaki na maana ya kunakili maneno ya mtu kama yalivyo. Mwanafasihi hunukuu ubeti. Mtafiti wa tiba hanukuu karibu kamwe. Yeye hutaja kazi ya mwenziwe kwa namba ndogo iliyo juu ya mstari, na maneno ya mwenziwe huyo hayaonekani kabisa. Huko si kunukuu. Ni kurejelea: kumrudisha msomaji mahali ambapo jambo lilithibitishwa.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa faida ambayo watakwimu wa Ulaya walilazimika kuitafuta kwa jasho. Kwao ilibidi mtu aje kusisitiza kwamba kitu anachotoa mwandishi mwishoni mwa makala yake, na kitu anachopokea mwandishi aliyetajwa, si kitu kimoja, ingawa ni tendo lilelile lililotazamwa kutoka pande mbili. Sisi tunayo mnyambuliko. Kutokana na rejea tunapata rejelea, na kutokana na rejelea tunapata rejelewa. Mwandishi hutoa marejeleo, kama tusemavyo Kenya, au marejeo, kama wasemavyo wengi Tanzania. Anayetajwa hupata urejelewaji. Kiambishi -w- chafanya kazi yote. Napendekeza basi tuseme faharasa ya urejelewaji kwa kile kitabu cha Garfield na warithi wake wa kompyuta, na tuliachie neno nukuu kazi yake ya asili.

Kipimo cha majarida chaleta taabu zaidi. Wengi wamekiita kipimo cha athari. Neno athari katika Kiarabu ni alama iliyoachwa, kama unyayo mchangani, na kwa maana hiyo lingefaa sana. Lakini Kiswahili cha kila siku kimelivuta upande wa madhara: athari za ukame, athari za pombe. Ukimwambia mzee wa Mutomo kwamba makala juu ya wilaya yake yana athari kubwa, atauliza ni nani aliyeumia. Ningependelea mvumo, kutokana na kuvuma. Ngoma huvuma, jina huvuma, na upepo pia huvuma, na hakuna mojawapo linalodaiwa kuwa jema au baya kwa sababu ya kuvuma tu. Tena neno hilo linakuja na methali yake, ambayo tutaihitaji hivi punde.

Hapa pana la kukumbushwa. Mapokeo ya wanazuoni wa pwani yetu, Lamu, Mombasa na Unguja, yalikuwa na elimu kamili ya kurejelea kabla ya Garfield: isnadi. Mwanachuoni hakusema tu kwamba jambo ni hivi. Alisema amelipokea kwa fulani, aliyelipokea kwa fulani, na ijaza yake ilionyesha mnyororo huo. Watu wengine husema kwamba isnadi ilipima ubora ambapo faharasa hupima wingi. Hilo halikutimia. Wanazuoni wa hadithi walihesabu pia. Habari iliyopokewa na wengi kwa njia nyingi waliiita mutawatiri, na wingi huo ulikuwa hoja. Tofauti iko kwingine. Katika isnadi kila kiungo cha mnyororo kilikuwa mtu aliyejulikana, na sifa zake, kama ukweli wake na uimara wa kumbukumbu yake, zilichunguzwa moja moja. Katika faharasa, anayetaja akisifu na anayetaja akikanusha huandikwa alama moja sawa.

3. Mahindi ya mwaka 1981 na ya mwaka 2004

Tuje Ukambani. Kabla ya mahindi, Kitui ilijulikana na madaktari kwa sababu ya kalaazari. Baada ya mlipuko wa mapema miaka ya 1950, Southgate na Oriedo walichapisha mwaka 1962 uchunguzi wa jinsi ugonjwa huo ulivyoenea katika Wilaya ya Kitui, na mwaka huohuo Heisch, Wijers na Minter walieleza katika British Medical Journal msako wao wa mdudu anayeueneza. Vichuguu vilivyo karibu na maboma, ambamo usubi hujificha, vikaingia katika elimu ya tiba ya dunia kutoka Kitui. Maandishi hayo yangali yanarejelewa na kila anayechunguza kalaazari Afrika Mashariki. Tuyaache hapo.

Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 wenye homa ya ini walilazwa katika hospitali tatu za Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado inaijumuisha Makueni. Kumi na wawili walikufa. Kabla ya watu kuugua, njiwa walikuwa wamekufa kwa wingi, kisha mbwa, ambao hula chakula kilekile cha nyumbani. Mahindi yaliyotoka katika nyumba za wagonjwa yalipopimwa yalikutwa na sumu iitwayo aflatoksini kwa kiwango cha kutisha. Ngindu na wenzake waliyaeleza hayo katika The Lancet mwaka 1982. Makala hayo ni mafupi, na ni mojawapo ya maandishi yanayorejelewa kila mara sumu hiyo inapotajwa kuhusu binadamu.

Yalirejelewa sana, na miaka 23 baadaye jambo lilelile likatokea tena, kwa ukubwa zaidi, karibu mahali palepale. Kati ya Januari na Julai 2004 waliripotiwa wagonjwa 317 katika mashariki na kati ya Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Waliokufa walikuwa 125. Watafiti walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka kwa wachuuzi 243 katika masoko 65 ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Asilimia 55 zilipita kikomo cha Kenya cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilipita sehemu 1,000. Uchunguzi mwingine ulilinganisha wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80. Ulionyesha kwamba nyumba za wagonjwa zilielekea zaidi kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani, lile ghala ambalo Wakamba huliita ikumbi. Kazi zote mbili zilichapishwa mwaka 2005 katika Environmental Health Perspectives, na mwaka 2007 Probst, Njapau na Cotty walitambulisha aina ya kuvu iliyohusika. Zimerejelewa mara mamia, Uchina, Brazili, Italia, popote palipo na mahindi na maabara.

Nalitaja jambo hili si kwa kuwalaumu watafiti. Kazi yao ilikuwa ya kweli, na pasipo hiyo tusingejua hata kilichoua. Lakini mwenye kutumia urejelewaji kama kipimo cha faida lazima aeleze mwaka 1982 na mwaka 2004 kwa pamoja. Kati ya miaka hiyo miwili makala ya Ngindu yalikuwa na mvumo mzuri. Mvumo huo ulipita juu ya Makueni kama ndege za usiku zielekeazo Ulaya, zinazosikika lakini hazitui.

Sasa ile methali: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Makala ya masoko 65 hutajwa duniani kote kama ya Lewis na wenzake. Ukifungua ukurasa wa kwanza utaona kwamba jina la pili ni Onsongo, na mbele yake wamo Nyamongo, Dahiye na Misore miongoni mwa wengine, na mwisho limetajwa kundi zima la uchunguzi la Kenya. Ni majina ya watu walioingia sokoni na kuzungumza na wachuuzi. Kwa lugha gani walizungumza nao, ukurasa hausemi, ila atakuwa mgeni sana wa soko la Ukambani anayedhani ilikuwa Kiingereza. Faharasa huwapa waandishi wote waliotajwa haki sawa ya hesabu, hilo lazima likubaliwe. Anayewapunja ni mazoea ya kutaja, ambayo humbakiza mtu mmoja na kuwameza waliobaki. Kiswahili angalau kinawameza kwa heshima. Kilatini husema na wengine tu, watu wowote. Sisi twasema na wenzake, na mwenza ni mtu wa daraja moja nawe, mshirika katika jambo. Huenda hii ndiyo sababu makala ya Ngindu yanasomeka vyema zaidi katika Kiswahili: hapo papa ni Mkenya.

4. Maneno yanayosafiri bila wenyewe

Afrika Mashariki imezipa faharasa za tiba maneno mengi kuliko tunavyokumbuka. Homa iliyoenea Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953 ilielezwa na Robinson na Lumsden mwaka 1955 kwa jina ililopewa na Wamakonde, chikungunya, kutokana na jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Leo neno hilo la Kimakonde limo katika maelfu ya vichwa vya makala, kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi hadi Karibi. Nduguye, o'nyong-nyong, ni neno la Kiacholi, kutokana na mlipuko wa Uganda wa mwaka 1959.

Zika ni kisa cha kipekee. Mwezi Aprili 1947 virusi visivyojulikana vilipatikana katika damu ya kima aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na Januari 1948 vikapatikana katika mbu wa msitu huohuo. Dick, Kitchen na Haddow walichapisha matokeo mwaka 1952. Makala hayo yalilala. Kwa zaidi ya miongo mitano yalitajwa na wachache mno, mpaka virusi vilipofika Brazili mwaka 2015, na Februari mosi 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Ghafla kila mtafiti aliyeandika juu ya Zika alikuwa na haja ya kuanza na msitu ule wa Uganda. Kama Dick angeomba kupandishwa cheo kwa kipimo cha miaka miwili, kazi yake hiyo isingemfaa kitu.

Hata hivyo neno si ujuzi. Chikungunya limesafiri, lakini ujuzi wa Kimakonde haukusafiri nalo, ni lebo. Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, unatoka tena Ukambani, nao haujulikani sana miongoni mwetu. Mwaka 2008 Mutungi na wenzake walichapisha katika jarida la Food Control uchunguzi wa kinachotokea kwa aflatoksini mahindi yanapotengenezwa kuwa muthokoi. Msomaji asiye wa bara ajue kwamba muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa ganda, ambayo huchemshwa pamoja na maharagwe au kunde. Waligundua kwamba kule kukoboa peke yake kulipunguza sumu kwa wastani wa karibu nusu. Neno la Kikamba halikuwa lebo hapa. Lilikuwa ndilo swali lenyewe: je, wanachofanya akina mama kwa kinu na mchi kina kinga ndani yake? Liko katika kichwa cha makala, halikutafsiriwa, kwa kuwa halina tafsiri, na kila anayeyarejelea analazimika kuliandika. Sharti lielezwe, kwa ajili ya msomaji mwenye haraka, kwamba nusu ya sumu iliyo nyingi mno bado ni nyingi mno.

5. Majarida yetu na sifuri yake

Mhadhiri wa Kiswahili akifungua faharasa kubwa za kulipia na kutafuta jina lake, mara nyingi atakuta sifuri, au kitu kilicho karibu na sifuri. Sababu si uvivu. Majarida mengi ya lugha za Kiafrika hayamo katika faharasa hizo, na makala yaliyo nje yakirejelea makala yaliyo nje, hakuna kinachohesabiwa. Wanafunzi mia moja waweza kusoma sura ya kitabu juu ya fasihi simulizi, wakaitaja katika tasnifu zao mia moja, na hesabu isijongee. Tena sisi twaandika vitabu, na faharasa zilijengwa juu ya majarida. Na muda wetu ni mwingine kabisa. Kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939 na sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 zingali mezani petu, tukibishana nazo. Kipimo kinachotazama miaka miwili kwa taaluma ya namna hii ni sawa na kupima kina cha bahari kwa rula ya mwanafunzi.

Wenye sayansi wenyewe wamelalamika. Azimio lililotokana na mkutano wa San Francisco wa Desemba 2012 lilitaka kipimo cha jarida kisitumiwe kumpima mtu, na tamko la Helsinki la mwaka 2019 lilitaka kazi zilizoandikwa katika lugha nyingine zisidharauliwe katika tathmini. Ni hati nzuri. Wajumbe wa kamati za vyeo hawana muda wa hati. Wana muda wa namba. Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Majarida yetu yatenge kurasa chache katika kila toleo kwa muhtasari wa Kiswahili wa makala ya kitabibu yaliyotokana na wilaya zetu, kila muhtasari ukiwa na marejeleo kamili na majina yote ya waandishi bila na wenzake. Kazi hiyo haitapandisha namba ya mtu. Itafanya hivi: mwalimu wa Mwingi au wa Wote akitaka kujua kilichoandikwa juu ya mahindi ya kwao ataweza kukisoma, na mkalimani wa afya atapata istilahi zilizokwisha kujadiliwa badala ya kubuni zake usiku wa kuamkia mkutano wa baraza.

Tuanze na istilahi moja. Nchini Tanzania, hasa baada ya vifo vya Dodoma na Manyara vya mwaka 2016, limeenea neno sumukuvu. Limeundwa kwa kuambatanisha nomino mbili bila kiunganishi, kichwa kikitangulia, kama batamaji na mbwamwitu, na hufuata ngeli ya sumu: sumukuvu hii, sumukuvu hizi. Kenya tungali na aflatoksini, ambalo magazeti huliandika kwa tahajia zaidi ya moja. Jina hilo la kigeni nalo ni la kuunganishwa: A ya Aspergillus, fla ya flavus, ambayo ni jina la kuvu, kisha sumu. Lilibuniwa baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Kwa hiyo sumukuvu ni karibu tafsiri ya jina lenyewe, na Mtanzania aliyelibuni alifanya kazi safi.

Lina kasoro mbili. Kuvu huzaa sumu za aina nyingi, na aflatoksini ni moja tu. Kwa wataalamu tungehitaji sumukuvu liwe jina la jamii nzima, kisha tuseme sumukuvu ya afla kwa hii. Hiyo ni kasoro nyepesi. Ya pili ni nzito. Neno likitaja kuvu, msikilizaji hutafuta kuvu. Atachambua mahindi, atatupa yenye ukungu, na yaliyobaki meupe atayapika kwa moyo mweupe. Kumbe punje isiyo na doa yaweza kuwa na sumu, na kuchemsha kwa kawaida hakuiharibu. Neno geni lisilofunua kitu halina hatari hiyo. Lina hatari nyingine, ya kutosikika kabisa. Baina ya hatari hizo mbili nachagua sumukuvu, kwa sharti kwamba lisiachwe peke yake. Tangazo la Kiswahili litakalobandikwa katika soko la Tulia lingeweza kusema: punje safi yaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi, anika mahindi yakauke kabisa kabla ya kuyaweka, na usiyalaze mabichi ndani ya nyumba. Maneno yote katika sentensi hiyo anayajua mtoto wa darasa la tatu, isipokuwa moja.